Ukuta Uliovishwa Saruji

"Maji yaliyomo humu ndani yatatokea wapi?"

Fundi mmoja aliuliza swali hilo mbele ya kamati ya msikiti. Kamati ilikuwa na haraka. Chumba cha madrasa ya watoto wa kike kilikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe, uliojengwa kwa chokaa tangu enzi za mababu, nao ulikuwa umeota madoa ya unyevu. Na wageni wa Maulidi walikuwa njiani.

Fundi huyo alikuwa mwanamke, kazi kafunzwa na baba yake. Akawaeleza kwamba ukuta wa namna ile hunyonya maji ardhini, na chokaa huyatoa taratibu kama ngozi itoavyo jasho. Akaomba miezi mitatu aloweke chokaa shimoni mpaka iive, ndipo apige lipu upya. Mwenyekiti akacheka.

"Binti yangu, miezi mitatu unaandaa chokaa au unaandaa harusi? Saruji ni siku mbili."

Wakapiga saruji. Siku mbili kweli. Ukuta ukang'aa, doa hata moja halikuonekana, wageni wakasifu. Jamani, nani asingesifu?

Mwaka wa pili mwenyekiti akapigilia msumari atundike saa. Msumari ukazama wote kama umeingia kwenye uji, na mchanga wa majimaji ukaanza kumwagika tunduni. Watoto wakatolewa mbio. Fundi akaitwa, akagonga huku, akagonga kule. Mwenyekiti, sasa kwa sauti ya chini, akamwuliza kama haitoshi kuongeza saruji tabaka moja.

"Mzee wangu," akasema, "saruji yenu ni nzima. Ukuta ndio haupo."

Sasa sisi. Mwenzetu akija analia kwamba ameonewa, tena na mtu tunayemheshimu, tunamwambiaje? Sitiri. Subiri. Usituaibishe. Tunapiga lipu juu ya kidonda kibichi, halafu tunajisifu kwamba jumuiya yetu haina doa. Haina doa machoni pa nani? Mtu analiwa kwa ndani, na sisi tumekaa tumemwegemea!

Tunaweza kufanya vingine, wala sina shaka. Chokaa bado ipo, na wanaojua kuisubiri wamo humu humu. Nina ombi moja tu: wiki hii, mtu akikuletea jambo lake, kaa chini umsikilize mpaka amalize.