Mkono wa Mwalimu Gao

Mkono wa kikombe haukunji ngumi. Nimeisema hivi punde Festo na Ombeni walipotaka kuvaana mbele ya macho yangu, wakigombea nani asimame mstari wa mbele wa mazoezi, na mmoja wenu akaniuliza, "Bibi Veredina, hiyo nayo ni methali au umeitunga sasa hivi?" Ni methali. Haina umri wa zile za mababu, kwa maana mimi nilikuwapo siku ilipozaliwa, na meno yangu bado ninayo. Kaeni basi, na huyo anayepiga miayo akae mbele nimwone. Methali hii ilianza hivi.

Reli ilipokwisha kujengwa na Wachina wengi kurudi kwao, walibaki wachache wa kutunza mitambo. Hapa Makambako alibaki mmoja, fundi wa karakana, mwembamba, mwenye masikio makubwa, jina lake Gao. Sisi tulimwita Mwalimu Gao, kwa kuwa jioni alifundisha vijana mapigano ya kwao. Alizaliwa kijiji kimoja cha kaskazini mwa Uchina, akafiwa na wazazi wote wawili angali mdogo. Aliyemlea, na kumfundisha kupigana, alikuwa mjane mmoja muuza maharage ya soya, yale wanayoyasaga na kuyagandisha kama jibini, mwanamke ambaye alfajiri alifundisha mateke na asubuhi akabeba ndoo zake kwenda sokoni. Kwa hiyo nilipokwenda mimi kuomba kufundishwa, msichana wa Kibena mwenye sketi ya kwaya, na wavulana wakaangua kicheko, Mwalimu hakucheka. Alisema kwa Kiswahili chake cha karakana, "Mwalimu wangu mimi, mama. Huyu nafukuza vipi?" Mpaka leo namshukuru yule mjane ambaye sikupata kumwona. Mlango niliopita mimi aliufungua yeye.

Mkidhani siku ya kwanza alitufundisha kurusha mateke, mmepotea. Alitufundisha kusimama. Unapanua miguu, unakunja magoti kama aliyepanda farasi, unabaki hapohapo; na mkao wenyewe tuliuita farasi. Mapaja yanawaka moto, jasho linaingia machoni, na Mwalimu anapita taratibu akikugusa mgongo kwa ufito: "Bado." Wengi walikimbia wiki ileile, wakisema kusimama hata kwao wanasimama. Tuliobaki tulisimama miezi na miezi nyuma ya karakana, kwenye baridi ile mnayoijua, na watu wakipita wakituuliza kama tunasubiri treni.

Sasa, kulikuwa na desturi moja ya kwao aliyoishika kama sisi tunavyoshika matanga. Mwanafunzi akishakomaa, Mwalimu anamwita mbele ya wenzake na ya wazazi. Mwalimu anakaa kitini. Mwanafunzi anapiga magoti, anamtolea kikombe cha chai kwa mikono miwili, na Mwalimu anakipokea kwa mikono miwili. Akiinywa, basi, huyo si mwanafunzi tena, ni mtoto wake wa kumzaa. Asipoinywa, hakuna kilichofanyika. Hapakuwa na cheti wala mkanda. Ilikuwa chai tu, na haikuwekwa sukari.

Katika sisi hapakuwa na aliyeitamani siku hiyo kama Ponsiano Mligo. Huyu alikuwa mchomeleaji palepale karakana, kijana wa miraba minne aliyepasua matofali kwa ubavu wa kiganja, na hasira zake zilikaa puani. Lakini msimhukumu upesi. Baba yake alimkana angali tumboni, akamwacha mama yake akilima mashamba ya watu kwa kibarua. Ponsiano alikua akiitwa "wewe" na "kijana" na "huyo wa mama Mligo." Hakuna mwanamume hata mmoja aliyewahi kumwita mwanangu. Siku moja aliniambia, bila kunitazama, "Dada Vere, mateke nimeshajua. Mimi nangoja kile kikombe." Nami nilimwelewa.

Hatimaye Mwalimu akamwambia, "Jumapili, lete mama." Ponsiano alifurahi hata akashindwa kula. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo halikuwa la ubaya. Kwa kuwa kabla yake hapakuwa na aliyekwisha kuitwa, naye akaona aibu kumwuliza Mwalimu mambo yanakwendaje, alikwenda kwenye banda la video la bwana Sigalla kujifunza. Sigalla alikuwa akionyesha picha za Wachina wanaopigana, na kwa kuwa hakujua Kichina hata neno moja, alitafsiri kwa kutazama nyuso. Picha ya juma lile ilikuwa na mzee mwenye ndevu nyeupe na kijana aliyemshikia kikombe, kisha ghafla wakaanza kupigana juu ya meza na juu ya paa. Sigalla akawaeleza watu kwa uhakika wote: "Hapo anamjaribu! Chai ni mtego! Mzee akinyoosha mikono, kijana asipowahi kupiga, ameshindwa mtihani, harudi tena!" Banda zima likapiga makofi. Ponsiano akatoka pale ameyameza maneno yale kama dawa.

Jumapili tulikusanyika baada ya misa. Mama Mligo alikuja na jogoo, amejifunga kitenge kipya, akaomba yeye mwenyewe achemshe hiyo chai ya mwanawe. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mbao alichokiunda mwenyewe. Ponsiano akapiga magoti, akainua kikombe kwa mikono miwili, kile kikombe chao kidogo cha udongo kisicho na mkono. Mwalimu akainama mbele, akanyoosha mikono yote miwili, akakishika kikombe.

Papo hapo Ponsiano akapiga. Alipiga kwa ubavu wa kiganja, kile cha matofali, juu ya kifundo cha mkono wa kulia wa Mwalimu. Tulisikia mfupa ukivunjika, sote.

Nami niliona jambo ambalo sitalisahau. Nilikuwa nimesimama upande, na niliyaona macho ya Mwalimu yakiliona lile pigo kabla halijafika. Alikuwa na nafasi. Mtu yule aliweza kukwepa jiwe lililorushwa nyuma yake. Hakukwepa. Aliachia mkono uvunjwe, na kikombe akakibakiza kwenye mkono wa kushoto, chai nusu imemwagika magotini.

Vijana wakainuka kumvaa Ponsiano. Mama Mligo akajitupa juu ya mwanawe akilia, "Nipigeni mimi!" Mwalimu akasema neno moja tu, lile letu la kila siku.

"Bado."

Wote tukasimama pale tulipokuwa. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga.

"Ponsiano. Kwa nini?"

"Mwalimu, si... si ndio mtihani?" Ponsiano alikuwa analia sasa, lijitu zima. "Picha ilisema. Ukinyoosha mikono niwahi, nisipowahi unanifukuza."

"Picha gani?"

"Ya kwa Sigalla."

Mimi sikuweza kujizuia, nikauliza, "Lakini Mwalimu, uliliona. Kwa nini hukukwepa?"

Akanijibu akihema kwa maumivu, "Mikono ina kikombe. Kikombe cha mtoto. Nikikunja ngumi, kikombe chini. Kikombe chini, mtoto hakuna. Mimi nangoja huyu miaka mingi, unajua?"

Ponsiano aliposikia kwamba hata Mwalimu alikuwa akimngoja yeye, aliweka paji la uso wake chini kabisa, kwenye vumbi. Alijua amekiharibu kitu pekee alichokitaka duniani. Alisema, "Nifukuze, Mwalimu. Hata polisi nitakwenda mwenyewe."

Mwalimu akainua kikombe kwa mkono wa kushoto, akainywa ile chai iliyobaki, yote, mpaka tone la mwisho. Kisha akakunja uso.

"Nani ametia sukari?"

Mama Mligo akainua kichwa. "Ni mimi, baba. Nisamehe. Chai bila sukari ni ya msibani."

Jamani, tulicheka. Tulicheka na machozi yanatutoka, na Mwalimu naye akacheka huku akiushika mkono wake uliovunjika. Kisha akamwambia Ponsiano, "Sasa wewe mwanangu. Haya, mwanangu, tafuta ubao, tufunge mkono wa baba."

Kesho yake wakubwa wa karakana walikuja kuuliza. Fundi kuvunjwa mkono si jambo dogo, na walishasikiasikia. Jina la Ponsiano likitajwa, kazi imekwisha na mahabusu inamngoja. Walimkuta Mwalimu kitandani, na Ponsiano anamlisha uji kwa kijiko.

"Bwana Gao, nani amekuvunja mkono?"

"Hakuna mtu. Nilikunywa chai na mwanangu."

"Mwanao? Una mwana wewe hapa?"

"Nimempata jana," akasema, na akafungua mdomo apewe uji mwingine. Wakubwa wakatazamana, wakaaga.

Daktari alifanya alichoweza, lakini mfupa ulikuwa umesagika. Mkono ulipopona, vidole havikufunga tena. Vilijikunja nusu tu, vikakomea hapo. Mwalimu aliweza kushika kikombe, kijiko na ufito. Ngumi hakuweza. Tulifikiri Ponsiano atakufa kwa majuto. Asubuhi alimnawisha Mwalimu uso, akamfunga vifungo vya shati na kumkatia kuni, kisha jioni akasimama kwenye farasi wake muda mrefu kuliko sisi sote, ila kurusha pigo hakutaka tena. Mwalimu akimwambia apige, anapiga kama anayefukuza nzi. Mwalimu alisema tu, "Bado," na hakueleza bado nini.

Basi mji nao una midomo. Kulikuwa na mpiga ndondi mmoja, Chaula, ambaye hakupenda kabisa vijana waende kwa Mchina badala ya kwake. Siku ya mnada alimkuta Ponsiano kwenye mgahawa wa mama Kitta, amekaa na chai yake. Nami nilikuwapo, nikila vitumbua. Chaula akasimama katikati, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Hivi nyie, yule mwalimu wenu mkono wake haukunji hata ngumi! Anawafundisha nini sasa, kuombaomba?"

Mama Kitta akaanza kuondoa chupa mezani, kwa kuwa aliijua hasira ya Ponsiano, na viti vilikuwa vyake. Mimi mwenyewe niliacha kitumbua. Niliona mishipa ya shingo ya Ponsiano ikisimama. Nilimwona anavyovuta pumzi, polepole, kama mtu aliyeko kwenye farasi mapaja yanapowaka. Akainua kikombe chake kwa mikono miwili.

"Ni kweli, kaka Chaula," akasema. "Mkono wa kikombe haukunji ngumi."

Akanywa. Kisha akasogea kwenye benchi akampisha. "Karibu chai. Mama Kitta, mwekee kaka."

Chaula alisimama pale, ngumi zake mbili zinaning'inia, hana pa kuzipeleka. Mtu mmoja akacheka, si kwa kumcheka, na mama Kitta akaja na kikombe, akamwekea mbele. Alifanyaje? Alikaa. Huwezi kupigana na mtu aliyekuagizia chai. Kabla jua halijazama maneno yale yalikuwa yameshafika sokoni, stesheni na kanisani, na wanandoa wakigombana jirani anachungulia dirishani kuwaambia. Chaula mwenyewe aliyapenda, akawa anawaambia vijana wake wa ndondi.

Mimi nilikimbia moja kwa moja hadi kwa Mwalimu, nikamsimulia yote. Aliniomba niyarudie maneno yale taratibu, maana Kiswahili chetu chenye methali kilimpita kidogo. Nikarudia. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaufungua, akaufunga mpaka ulipokomea.

"Amesema hivyo Ponsiano? Na hakupiga?"

"Hakupiga, Mwalimu. Alimnunulia chai."

Halafu akasema, "Basi. Amemaliza. Mimi sina kingine cha kumfundisha." Na machozi yakamtoka, mtu ambaye hata siku ya mfupa hakutoa chozi.

Alipozeeka alirudi kwao, na huko ndiko alikozikwa, jirani na yule mjane aliyemlea. Ponsiano ndiye aliyeujenga ukumbi huu mliomo. Nyinyi mnamjua kama Babu Mligo, anayewapigia kelele mkikunja mgongo. Wote mnaopita hapa, na wale walioko Mbeya, na Songea, na hata yule binti anayefundisha Dodoma, ni wajukuu wa mtu mmoja aliyekubali kuvunjwa mkono kuliko kuangusha kikombe cha kijana asiye na baba. Mimi nikimkumbuka, nasema ahsante. Kila siku nasema ahsante, na bado haijatosha.

Kwa hiyo, wanangu, anayekupenda akikupokea, na wewe umekosa, ukaona hakukurudishia pigo, usidhani hana nguvu. Mikono yake imekushika wewe. Nawe ukija kumshika mtoto wa kwako, utaniambia kama umebaki na kidole cha kukunja. Mkono wa kikombe haukunji ngumi.