Kisomo cha Kiziwi

Wamepokezana wacha Mungu wa zamani habari ya mtu mmoja wa Hadhramaut, Numeir bin Waddah, Allah amrehemu, aliyejaaliwa sauti nzuri ya kusoma Qur'ani. Alipofungua kisomo baada ya Alasiri, wauza ngano waliacha mizani zao sokoni wakaja msikitini na vumbi mikononi. Naye mwenyewe alisoma huku machozi yakimtiririka, akijua kwa yakini kwamba Mola wake yu karibu naye.

Kisha Mwenyezi Mungu akamtahini. Masikio yakaziba kidogo kidogo, hata ikawa mtu asipomsogelea akapiga kelele, yeye hasikii neno. Sauti ikaanza kumpotea njia, watu wakatazamana, kisha wakapungua. Hilo angelivumilia. Lililomvunja ni kwamba utamu wa ibada nao ulikwenda zake. Alisimama mbele ya Mola wake akawa kama anazungumza na ukuta, na chozi hata moja hakulipata. Akasema moyoni, "Nimefukuzwa." Akaufunga msahafu katika kitambaa, akauweka juu kwenye shubaka la ukutani, akabaki na sala za faradhi tu, nazo akizisali haraka haraka kama mgeni anayeona hatakiwi.

Mkewe, Bi Rabab, alikuwa mchaji, ila subira yake ilikuwa na mpaka. Kwa miezi alimliwaza kwa upole, lakini maneno ya upole hayafiki kwa kiziwi. Asubuhi moja akauteremsha msahafu, akaupangusa vumbi, akauweka mbele ya mumewe. Numeir akageuza uso.

"Nisome nini, Rabab? Sisikii kitu. Hapa wala hapa," akasema, akigusa sikio, kisha kifua.

Bi Rabab akauweka mdomo wake sikioni mwa mumewe, akapaza sauti hadi jirani aliyekuwa akikanda unga akatoka mlangoni.

"Bwana, ulikuwa ukimsomea nani?"

"Nikimsomea Mola wangu."

"Kwani na Yeye kaziba masikio?"

"Astaghfirullah! Rabab, chunga ulimi wako!"

"Mimi ndiye nichunge? Aliyenyamaza kama hana wa kumsikiliza ni wewe!"

Numeir akainama. Alipoinua uso alisema kweli iliyomuuma: "Nilikuwa nikijisikiliza mwenyewe. Nilipenda sauti yangu, nikadhani ndiyo mapenzi ya Allah." Akaufungua msahafu. "Akinipa utamu nitasoma, asiponipa nitasoma. Mlangoni pake siondoki."

Akasoma. Usidhani mbingu zilifunguka siku ile! Msimu mzima wa mavuno ulipita, moyo wake mkavu vilevile. Siku nyingine ulimi ulikuwa mzito, akasoma aya chache kwa taabu, na kesho yake akarudi palepale. Ndipo asubuhi moja, katikati ya sura aliyoihifadhi tangu utoto, akatambua kwamba kwa muda mrefu hakuwaza hata kidogo sauti yake ikoje. Palikuwa na yeye na Mola wake tu, na Mola wake alikuwa akimsikiliza. Alikuwa amemsikiliza siku zote zile kavu, kwa mapenzi, bila kumchoka. Numeir akaanguka kusujudu, kisha akaita kwa sauti ambayo mwenyewe hakujua ukubwa wake:

"Rabab! Hakuniacha! Hakuniacha hata siku moja!"

Masikio yake hayakupona mpaka anaingia kaburini, wala hakuuliza tena kwa nini.

Ndugu yangu muumini, utamu wa ibada ni zawadi, na anayetoa zawadi aweza kuizuia naye bado anakupenda. Ukiamka na moyo mkavu, usiseme umefukuzwa. Aliyefukuzwa haitwi tena, nawe bado unaitwa kwa adhana. Maji yapo. Inuka ukatawadhe.