Pimbi na Toroli la Mbao za Kitanda

Hebu wewe uliyekaa hapo mbele, acha kwanza kutafuna muwa, unijibu: kati ya anayebeba magunia sita ya chumvi mgongoni, na anayeyahamisha yote sita bila kubeba hata moja, nani apewe kazi?

Usinijibu haraka. Kuna kamati nzima ilishindwa na swali hili. Tena kamati kamili, yenye mwenyekiti, katibu na birika la chai.

Basi hapo zamani, zamani hasa, kabla foleni ya usaili haijazaliwa, wanyama walikuwa na stoo kubwa ya chumvi kando ya mto. Chumvi ilitoka stooni, ikapanda mwinuko wa mawe mpaka kwenye mzani, na pale wenye nyumba zao wakaja kuichukua. Kati ya stoo na mzani walikuwepo mahamali. Na juu ya mahamali ilikuwepo Kamati.

Mwenyekiti alikuwa Kifaru. Kwa nini Kifaru? Kwa sababu sheria ya stoo ilikuwa fupi kama mkia wake: anayehamisha mzigo mkubwa kuliko wote kwa safari moja, huyo ndiye anashika kiti. Basi. Hakuna kura, hakuna cheti. Kifaru alibeba magunia matatu mwaka ule wa mafuriko, akakalia kiti, na tangu siku hiyo hajabeba hata kikombe chake mwenyewe.

Katibu alikuwa Kiboko. Kazi yake ilikuwa kupiga miayo na kusema, "Hiyo haimo kwenye utaratibu."

Na mahamali wale walikuwa na mwiko mmoja. Hamali hainami kuangalia chini ya mzigo. Thubutu! Ukiinama kuchungulia, ina maana umeuogopa. Na hamali mmoja akichungulia, wenzake wote hugeuza nyuso wakatazama kando, kwa aibu, kama vile amevuliwa nguo sokoni. Usiniulize mwiko huo ulitoka wapi. Ulitoka kule kule inakotoka miiko yote ya kijinga: kwa mtu aliyekuwa mkubwa zamani.

Sasa, alikuwepo binti mmoja anaitwa Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo hivi, hana mkia, meno mbele. Pimbi huyu alikuwa amesoma. Miaka minne katika Chuo cha Mchwa, digrii ya magurudumu na mizani, amefaulu vizuri kabisa. With honours, my friend! Akarudi nyumbani na cheti chake, na cheti kikatundikwa ukutani, na mjusi akataga mayai nyuma yake.

Mama Pimbi alikuwa hamali pale stooni mpaka mgongo ulipomkatalia. Ndiyo maana Pimbi alipomwambia, "Mama, nataka kutengeneza toroli, ila sina mbao," mama alitazama kitanda chake. Kitanda kimoja tu walichokuwa nacho.

"Kivunje," akasema.

"Mama!"

"Nimesema kivunje. Nitalala chini mpaka upate kazi. Ila usinicheleweshe, sakafu ina baridi na mimi nina kiuno."

Pimbi akakivunja. Mbao ndefu za ubavuni zikawa mipini. Chaga zikawa mgongo wa toroli. Chini akaweka bati nene la kushika mzigo, na magurudumu mawili kwenye ekseli. Halafu akaweka kitu ambacho matoroli mengine hayakuwa nacho: ekseli ile ilikuwa inasogea mbele na nyuma, na pini moja tu ya chuma ndiyo iliyoishikilia.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye utamu. Magurudumu yakikaa mbele kabisa, uzito wote unamwangukia aliyeshika mipini. Mikono inakatika. Ukichomoa pini, ukayasogeza nyuma mpaka chini ya tumbo la mzigo, magurudumu ndiyo yanabeba. Wewe unasukuma tu huku unapiga mluzi.

Asubuhi akalisukuma toroli mpaka stooni. Krii, krii, krii.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba. Hicho ni nini, ngazi?"

"Ni toroli, Mwenyekiti. Naomba beji ya kufanya kazi hapa."

Kiboko akafungua jicho moja. "Experience?"

"Nina digrii."

"Sikuuliza ulisoma nini, nimeuliza umebeba nini. Tunataka uzoefu wa miaka kumi."

"Nina miaka saba tangu nizaliwe, Katibu."

"Basi uanze kabla hujazaliwa! Utaratibu ni utaratibu." Akapiga mwayo. Haaaa!

Kifaru akacheka mpaka birika likatikisika. "Binti, hapa tunabeba kwa mgongo. Magurudumu ni ya wagonjwa. Punda! Hizo mbao kavu eh? Zipasue, chai imepoa."

Kitanda cha mama yake kiende jikoni kuchemsha chai ya Kamati?

Punda, mpasua kuni wa Kamati, akasogea taratibu na shoka, akamnong'oneza, "Mdogo wangu, nisamehe. Mimi natumwa tu."

Pimbi akafikiri haraka, maana mdogo asipofikiri haraka huwa kitoweo. Akaangua kilio cha uongo.

"Pasueni tu! Afadhali lipasuliwe! Nilijua toka mwanzo kwamba hapa hakuna wa kuliweza."

Kifaru akasimamisha masikio. "Umesemaje?"

"Hakuna, Mwenyekiti, si kosa lako. Chombo hiki si cha wagonjwa, ni cha kupima wenye nguvu. Mchwa elfu moja kiliwashinda. Nikasema nikilete kwa Kifaru, labda. Sasa nakuona na hilo tumbo la chai... basi, naomba radhi, tukipasue."

"Ala!" Kifaru akasimama. "Mimi? Tumbo la chai? Pakieni magunia hapo! Sita!"

"Mwenyekiti," Kiboko akasema, "hiyo haimo kwenye..."

"Nyamaza wewe! Pakieni!"

"Ila tukubaliane," Pimbi akasema huku akifuta machozi yasiyokuwepo. "Sheria yenu si mnaijua? Atakayefikisha mzigo huu kwenye mzani?"

"Ashike kiti!" mahamali wote wakaitikia, maana walikuwa hawajaona burudani tangu mafuriko.

Puu! Puu! Puu! Magunia sita yakapangwa. Toroli likasimama juu ya bati lake, magurudumu yakining'inia mbele kabisa. Kifaru akashika mipini. Je, aliinama kuangalia chini? Aa wapi! Akalivuta toroli likalala kwake, na uzito wote ukamshukia mikononi.

"Mmmh!"

Hatua moja. "Ngrrr!" Hatua mbili. Mishipa ya shingo ikatoka kama mizizi. Hatua tatu, na mwinuko haujaanza bado.

Puuu! Akaachia. Vumbi likapanda, pembe yake ikachomeka ardhini.

"Upepo," Kifaru akasema akiwa bado amechomeka. "Kuna upepo leo." Akajichomoa.

Kiboko naye akasukumwa ajaribu. Akashika, akavuta, mipini ikamgota tumboni, ndi! Akakaa chini akatangaza kikao kimeahirishwa.

"Hakijaahirishwa," akasema Punda, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Punda kusema kwa sauti pale stooni. "Zamu ya binti."

Pimbi akasogea. Akalizunguka toroli. Kisha, mbele ya wote, akainama akaingia chini ya mzigo.

"Lo! Anachungulia!"

"Aibu gani hii!"

"Mtoto hana adabu, jamani!"

Na wote, kuanzia Mwenyekiti mpaka hamali wa mwisho, wakageuza nyuso wakatazama mto. Hivyo ndivyo walivyolelewa. Pimbi akachomoa pini, akasogeza ekseli nyuma, akarudisha pini. Kacha!

"Nini hicho kimelia?" Kifaru akauliza, macho bado mtoni.

"Mgongo wangu, Mwenyekiti."

"Hee! Na bado hujabeba!"

Pimbi akatoka. Akaruka, akadaka mipini juu, akaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mzigo ukasita. Mzigo ukainama. Mzigo ukatulia juu ya magurudumu kama mtoto aliyeshiba.

Krii, krii, krii. Akaanza mwinuko.

Punda akaanza, "Harambee!" na mahamali wakaitikia, "Harambee!" na Pimbi huyo, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine anakuna sikio, mpaka juu kwenye mzani. Magunia sita. Safari moja. Kijasho hata tone!

"Sheria ni sheria, Katibu," Pimbi akaita kutoka juu. "Au hiyo nayo haimo kwenye utaratibu?"

Kiboko akapekua makaratasi yake mbele nyuma. Ilikuwemo. Ukurasa wa kwanza, kwa wino mzito, imetiwa sahihi na Kifaru mwenyewe.

Pimbi akakikalia kiti. Miguu haikufika chini. Amri yake ya kwanza ikawa neno moja: "Inameni."

"Nini?"

"Inameni wote mtazame chini ya toroli."

Punda akainama wa kwanza. Akaona ekseli, akaona pini, akaona matundu ya kuhamishia pini. Akacheka ng'wee ng'wee mpaka akajilaza. Wengine wakafuata. Kifaru wa mwisho. Magoti yake yalilia ko, ko, ko.

Akaiona ile pini.

"Umetudanganya!" akanguruma. "Ulituwekea magurudumu vibaya makusudi!"

"Kweli kabisa, nimewadanganya," Pimbi akasema. "Na mzee wangu ungeinama mara moja tu, nisingeweza. Nilikuwa nakudanganya huku pini iko wazi, na wewe unatazama mto."

Mahamali wakasaga meno, si kwa kumkasirikia Pimbi. Walikuwa wanahesabu migongo. Mgongo wa huyu, mgongo wa yule, wa Mama Pimbi. Miaka yote ile, na dawa ni kipande cha chuma kama kidole!

Jioni ile meza ya Kamati ilivunjwa. Ilikuwa mbao nzuri, ngumu, haijawahi kufanya kazi. Nusu ikawa matoroli mapya mawili. Nusu akaipeleka Punda nyumbani kwa Mama Pimbi, ikawa kitanda.

"Kipana kuliko cha kwanza," mama akasema akikibonyeza. "Kwenye hiyo meza ya Kamati walikuwa wanakula watu wangapi?"

Na Kifaru? Yupo. Anasukuma toroli. Siku hizi anainama kwanza.

Hadithi imeishia hapo, na funzo lake ni moja: mwenye mabavu asiyetaka kuangalia hushindwa na mdogo aliyeangalia.

Na ninyi mnaokalia viti vya kamati, msijifanye hadithi hii ni ya watoto. Kesho saa mbili asubuhi sisi tunaotafuta kazi tutakuwa getini kwenu na vyombo tulivyovitengeneza. Fungueni geti, vijaribuni mbele yetu kwa mikono yenu, na jibu la kazi tunalitaka siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na chini yake tuone sahihi na jina la mtu.