Kapu la Mihogo

Siku ile uani walikuwepo wanne: Elifasi, mkewe Tumsifu, mtoto wao Ndeshi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameota meno mawili, na jirani yao Nyanjige, mama wa makamo. Kompyuta ilikuwa ndani, mezani.

Elifasi alikuwa na kazi ya kuifundisha kompyuta hiyo kujua mambo ya dunia kwa kusoma yale watu wanayoandika mtandaoni. Ilisoma bila kuchoka. Jambo ililolikuta mara moja ililitilia shaka; ililolikuta mara mia ililishika. Elifasi aliipenda kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi msikivu.

Walikuwa wamehamia kijiji hicho cha kando ya ziwa wiki ileile, wakitoka mlimani kwenye migomba. Asubuhi Nyanjige aliwaletea kapu la mihogo mibichi ya shambani kwake, akawakaribisha, akaenda zake. Tumsifu hakuijua mihogo ya huko, akamwomba mumewe aiulize kompyuta. Nayo ikajibu kwamba mihogo ndiyo chakula cha kijiji hicho, wakubwa kwa watoto. Ilikuwa imelisoma hilo mahali pengi, na lilikuwa kweli. Basi Tumsifu akamenya, akachemsha, akaponda kipande kimoja kwenye kikombe cha mtoto.

Nyanjige aliporudi kuchukua kapu lake aliona sufuria, kisha kikombe. Hakupiga kelele. Alimbeba Ndeshi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakisogeza kikombe mbali.

"Ameshakula?"

"Bado, mama. Kinapoa."

Nyanjige akaketi chini, mtoto kifuani, akawaeleza kwamba mihogo ile ni michungu na ina sumu. Unailoweka siku nne, ukaianika, ukaitwanga, ndipo upate unga wa kumpa mtu.

Elifasi alisimama mlangoni. "Kompyuta imesoma kila kitu cha kijiji hiki, mama. Hili la kuloweka halikuandikwa popote."

"Nani angeliandika, baba? Hapa hata kuku wanalijua." Kisha akainamisha macho. "Na mimi niliwapa kapu, nisiseme neno."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Nyanjige alikwenda kwake akarudi na unga, akakoroga uji mwenyewe, akauonja kwanza mbele ya Tumsifu, ndipo akamnywesha mtoto. Elifasi akaleta daftari, akamwomba aanze tangu kung'oa. Nyanjige alisema polepole, akirudia pale kalamu ilipochelewa, naye Ndeshi akasinzia begani mwake.

Nawe, ni jambo gani unalijua sana hata hujawahi kumwambia mgeni wako?

Ndeshi sasa yuko darasa la kwanza.