Jina la Muhogo wa Kwemvumo

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale, maana mwishoni nitamdai kila mtu hukumu.

Kwemvumo palikuwa na dada watatu. Mkasi, mkubwa wao, alijaliwa ulimi: akitafuna muhogo mbichi atakwambia umetoka shamba la nani. Zaituni alijaliwa kichwa, akasoma mpaka maabara. Kidawa, kitindamimba, alijaliwa mkono: hata ufito wa ua akiuchomeka, utachipua.

Mwaka aliofariki baba yao, muhogo ulikuwa majani mazuri juu, chini umeoza, rangi ya tumbaku. Baba yao mdogo, Semkuya, akasimama mbele ya watu akasema, "Mikono ya wasichana hawa ina laana. Wakiushika muhogo, unaoza." Akawafukuza, shamba likawa lake.

Mkasi alikuwa mtu wa sala, lakini kila alipoinuka kwenye msala aliikuta hasira inamngoja mlangoni. Aliondoka na pingili chache za muhogo mtamu wa bibi yao. Miaka tisa akaupanda nyuma ya jiko, akionja, akitupa uliooza, akipanda tena uliopona kidogo. Bila yeye, mbegu ile ingekwisha.

Zaituni akachukua jani la muhogo huo, akaenda nalo maabara. Huko husoma maandishi ambayo Mungu ameyaweka ndani ya kila kiumbe, wao huyaita jeni. Akautafuta mlango unaopitisha ugonjwa, akafuta herufi chache, mlango ukafungika.

"Umetia nini humo?" Mkasi alimuuliza.

"Sijatia kitu, dada. Nimefunga mlango tu."

Bila yeye, ungeoza kama mwingine.

Ila miche iliyotokana na jani lile ilizaliwa chupani huko maabara, laini kama uzi, na kila ikigusa udongo ilikufa. Kidawa akaichukua, akaifunika, akaionyesha jua kidogo kidogo kama mwali anayetolewa ndani. Ikashika. Bila yeye, ingebaki chupani.

Muhogo ukapimwa miaka, ukaruhusiwa. Siku ya kuung'oa ulitoka mweupe pe! Msimu huohuo, muhogo wa Semkuya ukaoza shamba zima. Mkasi alikuwa amepita mpakani mwa shamba hilo mapema, akayaona majani yakianza kutoa madoa ya njano. Neno moja tu la kumwonya lingemwokoa. Akapita zake.

"Hilo nitaulizwa mbele ya Mungu," aliwaambia wadogo zake. "Na sidanganyi, nilifurahi."

Semkuya akaja kuomba pingili, kofia mkononi. Sasa, desturi ya Kwemvumo ni hii: mbegu mpya hupewa jina na mwenye mbegu, na anayeiomba hulitaja jina hilo kwa sauti mara tatu ndipo akabidhiwe. Likishatajwa, halibadilishwi.

"Mwenye mbegu ni mimi," alisema Mkasi. "Inaitwa Mikono-ya-Laana. Alitaje mbele ya watu walewale, kisha achukue."

"Aibu haimrudishii mtu shamba, dada," alisema Zaituni. "Mwenye mbegu ni mimi. Inaitwa Rudisha-Shamba. Akilitaja, amejihukumu."

Kidawa akacheka. "Kumbe nyote mnampa! Mwenye mbegu ni mimi, na inaitwa Huonji. Taja, baba mdogo, uone kama utaondoka na kijiti."

Semkuya akaikunja kofia yake. "Wanangu, nyumbani watoto wana njaa."

"Wana njaa, au wana laana?" Kidawa aliuliza.

Mkasi alimtazama mzee yule, akautafuta moyoni mwake ule msamaha anaouomba kila siku kwa ajili yake mwenyewe. Hakuupata. "Mola anirehemu," alinong'ona, "lakini kwanza alitaje."

Watu wa kijiji waliulizwa, na mpaka leo wanagombana. Mvua imeshaanza. Pingili zimefungwa kwa kamba, zinanyauka, na Semkuya bado amesimama.

Haya, nyie mliosikia: aliyeitunza, aliyeifungia mlango na aliyeilea, mwenye mbegu ni nani? Lakini angalieni. Ukimtaja mmoja, umemkatia Semkuya hukumu yake. Basi taja.