Aanzaye Juu Huimba Peke Yake

"Aanzaye juu huimba peke yake." Haya, wajukuu, mnacheka nini? Jana mchungaji kamwambia hivyo kiongozi wa vijana, nyote mkamcheka mpaka akaona haya, na leo mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Upareni, kwenye shule ya msingi ya misheni niliyosoma mimi, na yalianza na mtu ninayemkumbuka mpaka leo, Mwalimu Yudithi. Kaeni niwaeleze, na huyo anayechezea simu aiweke.

Shule yetu ilianza kila siku kwa ibada. Kengele ikilia tunapanga mistari uwanjani, baridi inatuuma miguu, mwalimu anaanzisha wimbo, tunaimba, neno linasomwa, tunasali, tunaingia madarasani. Kinanda hatukuwa nacho. Mwanzishaji akianza chini, wote tunamfuata chini. Akianza juu, wote juu. Miaka yote mwanzishaji alikuwa Mwalimu Mchome, mzee wa sauti nzito. Alipostaafu akaletwa Mwalimu Yudithi kutoka Dodoma.

Alikuwa na miaka ishirini na minne hivi. Hana ndugu wala jamaa huku milimani, Kipare hajui hata salamu. Lakini sauti, jamani! Kwao aliimba kwaya, sauti ya kwanza. Mwalimu mkuu akamkabidhi ibada palepale. Siku ya kwanza akafumba macho, akaanza.

Akaanza juu. Ubeti tulijikongoja nao. Kufika pambio, pale pa kuitikia wote, mmoja akashindwa akaacha, wa pili akaacha, mpaka darasa la saba wote kimya. Mwalimu Yudithi akamaliza peke yake. Alipofumbua macho akakuta watoto mia mbili wanamtazama.

Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Alianzia palipomfaa yeye, wala hakujua kama kuna tatizo. Na hakuna aliyemwambia! Sisi tulilelewa kwamba mtoto hamkosoi mwalimu. Walimu wenzake wakasema ataona mwenyewe. Hakuona. Alichoelewa yeye ni kwamba tumemkataa kwa kuwa ni mgeni. Akaacha kunywa chai na wenzake. Jioni tulimwona kibarazani kwake anachambua mchele wa mtu mmoja, polepole, kama hataki umalizike.

Siku moja akaja darasani kwetu, darasa la tano, akafunga mlango.

"Watoto, nimewakosea nini?"

Tukatazamana.

"Semeni tu, sitampiga mtu. Nikiimba, mbona mnaniacha?"

Mimi nilikuwa kiranja. Jibu nilikuwa nalo, nikainamia daftari. Akasubiri, akasubiri wee, kisha akafungua mlango akatoka. Wiki ileile akaandika barua ya kuomba uhamisho.

Uhamisho ukaja mwezi wa sita. Asubuhi ya kuondoka, kabla ya kengele, alipita jikoni kumuaga Mama Nanzia, mpishi wa uji wa shule. Mimi nilikuwa nimetumwa ndoo, nikawasikia.

"Mbona unatukimbia, mwanangu?" Mama Nanzia akamuuliza.

"Watoto hawanitaki, mama. Miezi mitano sijaimba nao hata pambio moja."

"Hawakutaki? Nani kasema? Unaanza juu mno! Watoto hawafiki. Hata mimi hapa jikoni huwa najaribu kukuitikia, koo linagoma."

Mwalimu Yudithi akashika mlango. "Ni hilo tu?"

"Hilo tu."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Mama Nanzia akakoroga uji.

Kengele ikalia. Gari la kumchukua lilikuwa tayari getini, sanduku lake limo ndani. Akasimama mbele yetu, na safari hii hakufumba macho. Akaanza chini, chini kabisa, sauti yake nzuri ikawa inakwaruza. Tukaupokea. Pambio lilipofika, shule nzima ikaitika, na Mama Nanzia akatoka na mwiko mkononi naye anaimba. Mwalimu Yudithi akanyamaza katikati, akawa anatusikiliza tu, machozi yanamtoka. Wimbo ukaisha, akapanda gari. Mwingine alishapangiwa nafasi yake; hakukuwa na namna ya kurudi nyuma.

Watu walipouliza kwa nini yule binti aliondoka, Mama Nanzia alijibu hivyo mnavyosema nyie, na maneno yakaenea. Sasa mnayatumia kumcheka mtu mwenye majivuno. Mwalimu Yudithi hakuwa na majivuno hata kidogo. Alikuwa mpweke, na mimi, bibi yenu, nilimwacha na upweke wake kwa kuogopa kusema neno moja, "Shuka." Nimeona uchungu miaka yote hii, na sasa mmejua. Jana kiongozi wenu alipoanza wimbo juu, ni nani kati yenu alimwambia ashuke?

Aanzaye juu huimba peke yake, wajukuu zangu, wenzake wakinyamaza.