Spea Iko Njiani

Wapendwa, nani kati yenu amewahi kununua kitu kipya, kikaharibika, na kila akienda dukani anazungushwa? Naona mikono. Basi mtamwelewa huyu mama.

Alikuwa mama mmoja wa milimani kama huku kwetu, anakusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka mjini. Miaka mingi aliyabeba kwa bodaboda za kukodi. Mwishowe akajibana, akanunua gari dogo la mizigo, jipya kabisa, kutoka kwenye kampuni ya magari. Wakampa na waranti: likiharibika tutalitengeneza wenyewe, wewe hutoi kitu. Sharti lilikuwa moja tu, fundi mwingine asiliguse. Akifungua hata nati moja, waranti imekufa.

Mvua hazijaisha, giaboksi ikafa. Gari likavutwa mpaka gereji ya kampuni. Dada wa mapokezi akamwambia kwa upole, "Mama, spea iko njiani. Njoo Jumanne."

Akaenda Jumanne. Spea iko njiani. Jumanne nyingine, spea iko njiani. Wapendwa, spea ile ilikuwa imesafiri kuliko Mtume Paulo. Huku nyumbani maziwa ya jioni yanagandia kwenye madumu, na mnunuzi wa mjini ameshasema akiendelea kukosa mzigo atatafuta mtu mwingine. Kilima kizima kiliishi kwa maziwa yale. Shemeji yake akamshauri walivute gari, wampelekee fundi wa mtaani. Mama akakataa, akamuuliza likifa tena atamwendea nani.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana mimi huyu mama nampenda kweli. Kila Jumanne alifika na chupa kubwa ya chai ya maziwa, tangawizi imekolea, na vikombe kwenye kikapu. Aliwamiminia wateja wenzake kwenye benchi la kusubiri, wale waliokuwa wakigonga meza na kutaka kuonana na mkubwa. Alimmiminia dada wa mapokezi. Mafundi nao wakatoka chini ya magari na mikono yao ya grisi, wakapata. Kisha anakaa, anaulizia gari lake. Hakupaza sauti hata siku moja, wala hakubembeleza. Angebembelezaje, wakati alikuja kudai ahadi?

Siku moja meneja mwenyewe akatoka ofisini, akapewa kikombe. Akamuuliza, "Mama, wenzako wanatutukana, wewe unatuletea chai. Kwani hukasiriki?"

"Nakasirika, baba. Jana nimelia. Lakini nikiwatukana nitawapa sababu ya kunikwepa. Naleta chai ili mkae na mimi, mnitazame usoni mnaponiambia njoo Jumanne."

Meneja akashindwa kuimaliza ile chai. Akarudi ndani kuuliza hiyo spea imefika wapi. Mapokezi wakasema wameambiwa na stoo. Stoo wakasema wameambiwa na mafundi. Mafundi wakasema walidhani ofisi imeshaagiza. Wapendwa, spea haikuwa njiani. Hakuna mtu aliyekuwa ameiagiza.

Yule meneja akaona aibu, na aibu nyingine ni njema. Akaamuru gari jipya lililokuwa linang'aa nyuma ya kioo, lile la kuvutia wateja, lifunguliwe, giaboksi yake ifungwe kwenye gari la mama. Jioni ile ile maziwa yalikwenda mjini.

Najua mnangoja nini. Mnangoja niseme tuvumilie kama huyu mama, maana Mungu hachelewi. Amina mmeshaziandaa. Ziwekeni kwanza. Katika mfano huu sisi si yule mama. Sisi ni ile ofisi.

Kabla ya Kwaresima tulisimama humu humu, tukanyoosha mikono, tukamwahidi Bibi Tusekile kwamba paa lake lililoezuliwa na upepo tutaliezeka sisi. Majirani zake walikuwa tayari kumsaidia. Tukawaambia waache, huyu ni wa kwetu. Tangu siku hiyo ukiwauliza wazee wa kanisa, bati ziko njiani. Ukiwauliza wanakwaya, ziko njiani. Ukiniuliza mimi mchungaji wenu, ziko njiani. Nani ameziagiza?

Na haya maua ya hapa madhabahuni mnayoyasifia kila Jumapili, mnajua nani anayaleta? Ni yeye. Anayachuma uani kwa ile nyumba inayovuja, anakuja kuyapanga, halafu anakaa pale karibu na dirisha anatutazama. Hajatugombeza. Hajahama kanisa. Jana nilimwomba ruhusa ya kulisema jambo hili, akanijibu, "Liseme tu, mwanangu, mimi nimechoka kuhamisha kitanda."

Kwa hiyo leo baada ya baraka sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Zile bati mpya tulizotunza kwa ajili ya nyumba ya mchungaji nimeshazitoa stoo, zimeegemea ukuta hapo nje pamoja na ngazi. Mimi nitashika upande mmoja. Nahitaji wa kushika upande wa pili.